Chakula Bandarini, Dawa Mdomoni

Imani yenyewe ni hii, na nitaieleza kama wanavyoieleza walio nayo, bila kuipunguza uzito. Mwanamke akikoma hedhi, estrojeni inashuka. Homoni hiyo ilikuwa ikiutunza moyo wake, mifupa yake na ngozi yake kwa miaka mingi, na sasa mwili umebaki bila mlinzi. Radikali huru, yaani zile chembe kali zinazozalishwa seli zinapotumia oksijeni kuunguza chakula, zinapata nafasi: zinachubua kuta za mishipa, zinachachusha mafuta yaliyomo kwenye damu, zinakunja uso. Vitamini E inazizima chembe hizo, na hilo limeonekana maabara. Basi mwanamke wa miaka hamsini na zaidi ameze kidonge kimoja cha uniti 400 kila siku, kile laini cha njano, atakuwa ameukinga moyo, amepunguza lile joto la ghafla linalomwamsha usiku, ameirudisha ngozi. Kisipomfaa hakitamdhuru, maana ni vitamini tu, kitu cha chakula.

Imani hii haina mwenyewe mmoja. Utaikuta kwenye vikoba, saluni, kwenye makundi ya WhatsApp ya akina mama wa kanisani na wa msikitini, kwa wauguzi, na kwa madaktari wenye foleni ndefu wanaotaka kumaliza mazungumzo. Kuna wanaokimeza kidonge, na kuna wanaokitoboa kwa pini usiku wakajipaka mafuta yake usoni. Hoja zake zinafuatana vizuri, kila moja inamshika mwenzake mkono. Kasoro yake ni kwamba ilishapimwa. Ilipimwa kwa makumi ya maelfu ya wanawake, wengi wao wa umri huohuo unaozungumziwa, ikaanguka; na ilianguka kabla wengi wanaoiuza leo hawajaanza kuiuza.

Twende hoja kwa hoja.

Kwanza: "Utafiti umeonyesha"

Umeonyesha, ndiyo. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wauguzi wa kike zaidi ya 87,000 waliokuwa wakifuatiliwa kwa miaka. Waliokuwa wakimeza vidonge vya vitamini E kwa zaidi ya miaka miwili walipata maradhi ya mishipa ya moyo pungufu kwa takriban asilimia 40. Namba hiyo ndiyo babu wa matangazo yote. Watafiti wenyewe waliandika kwamba data zao hazithibitishi kuwa vitamini ndiyo iliyoleta nafuu. Sentensi hiyo haikupata nafasi kwenye kopo.

Wauguzi wale hawakugawiwa vidonge na mtu. Walijinunulia. Na nani alikuwa akijinunulia vitamini E Marekani miaka ya themanini? Aghalabu ni yule asiyevuta sigara, anayetembea jioni, anayepima presha bila kusukumwa, mwenye chenji inayobaki mwisho wa mwezi. Ukimlinganisha na mwenzake asiye na hayo, umepima maisha mawili tofauti, kisha sifa zote ukakipa kidonge.

Dawa ya tatizo hilo inajulikana: wagawe watu kwa kura, nusu wapate vitamini, nusu wapate kidonge kisicho na kitu, na asijue yeyote kapata kipi. Ndicho kilichofanywa Boston, chini ya hospitali ya Brigham and Women's, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wanawake 39,876 wenye afya, wa miaka 45 na kuendelea, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka kumi. Nusu walipewa uniti 600 za vitamini E asilia siku moja baada ya nyingine. Matokeo yalitoka Julai 2005, I-Min Lee akiwa mwandishi wa kwanza. Jumla ya mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya maradhi ya moyo na mishipa: hakuna tofauti ya kutegemewa. Saratani: hakuna tofauti. Vifo vya sababu zote: 636 upande wa vitamini, 615 upande wa kidonge kitupu. Tofauti hiyo ya vifo ni ya bahati tu, sitaikuza. Lakini angalia imeelekea upande gani.

Muuzaji aliyesoma atanikatiza hapa, na ana haki. Katika utafiti huohuo, vifo vilivyotokana na maradhi ya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 24 upande wa vitamini, na kwa wanawake wa miaka 65 na zaidi matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 26. Hayo yameandikwa na ni kweli. Sasa na mimi niulize. Kama vitamini inalinda moyo, mbona mishtuko ya moyo kwa jumla haikupungua? Na kama iliokoa watu wasife kwa moyo, mbona idadi ya waliokufa haikupungua? Ukiyakata matokeo vipande vingi vya kutosha, kimojawapo lazima kitang'aa. Waliokaa na utafiti ule miaka kumi, wenye kila sababu ya kutamani ufanikiwe, waliviona vipande hivyo kabla yetu, na bado wakahitimisha kwamba matokeo hayatoshi kumshauri mwanamke mwenye afya ameze vitamini E ili kuzuia maradhi ya moyo au saratani. Mwaka 2007 ukaja utafiti mwingine wa wanawake 8,171 waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo au walio hatarini kuupata, miaka zaidi ya tisa. Kwa jumla, vitamini E haikuzuia kitu.

Lakini tumtafute mwanamke yuleyule wa imani yetu: amekoma hedhi na mishipa yake imeanza kuziba. Alishapatikana. Marekani na Kanada, wanawake 423, wote wamekoma hedhi, wote wana mishipa ya moyo iliyopungua upana. Walipewa uniti 400 za vitamini E mara mbili kwa siku pamoja na vitamini C, au vidonge vitupu, na mishipa yao ikapigwa picha mwanzo na mwisho. Mishipa haikupata nafuu. Na upande wa vitamini walikufa 16, upande wa vidonge vitupu wakafa 6.

Idadi ni ndogo, na sidai kwamba vitamini iliwaua. Ninachosema ni kwamba lau namba zile zingegeuka, sita upande wa vitamini na kumi na sita upande wa pili, leo hii zingekuwa zimechapwa kwenye kalenda, kwenye fulana na kwenye kanga.

Pili: "Homoni zina hatari, bora vya asili"

Hapa ndipo penye uhondo wenyewe, na hapa nitakaa.

Julai 2002 sehemu moja ya utafiti mkubwa wa afya ya wanawake Marekani ilisimamishwa kabla ya muda. Wanawake 16,608 waliokoma hedhi walikuwa wamegawiwa kwa kura, wengine wakipewa estrojeni pamoja na projestini, wengine vidonge vitupu. Saratani ya matiti, kuganda kwa damu, viharusi na maradhi ya moyo vilionekana zaidi upande wa homoni. Habari ilizunguka dunia. Wanawake wakatupa homoni zao jalalani, na wale ambao hawajawahi hata kuziona, ndio wengi kwetu huku, wakajifunza kuziogopa kwa mbali. "Homoni zinaleta saratani" ikawa sentensi ya kwanza ya kila muuza virutubisho, na sentensi ya pili ikawa bei ya kopo.

Sasa tazama mkono unavyocheza. Kabla ya 2002, imani kwamba homoni zinalinda moyo ilikuwa imeegemea kwa sehemu kubwa tafiti za kufuatilia tu, zikiwemo za kundi lilelile la wauguzi wa Marekani. Waliokuwa wakitumia homoni walionekana kuwa na mioyo mizima zaidi. Ulipokuja ugawaji wa kura, picha ikapinduka. Umma ukakubali, na ulikubali sawasawa: kura inashinda ufuatiliaji. Kisha umma huohuo, ukikimbia homoni, ukaenda kujificha chini ya vitamini E, ambayo sifa yake ya moyo ilitoka kwa wauguzi walewale, kwa njia ileile, yenye kasoro ileile. Na hukumu ya kura ilipotoka juu ya vitamini E, na ikawa mbaya vilevile, hakuna aliyetaka kuisikia. Hakimu ni mmoja. Asubuhi anaaminiwa, jioni anaitwa kibaraka wa kampuni za dawa.

Kuna zaidi. Ule utafiti wa wanawake 423 nilioutaja uliwapima kwa mambo mawili kwa wakati mmoja: homoni na vitamini. Ulichapishwa Novemba 2002, miezi minne tu baada ya ile habari kubwa. Hitimisho lake lilikuwa kwamba hakuna kati ya viwili hivyo kilichosaidia mishipa ya moyo, na kwamba vyote viwili huenda vina madhara. Anayeutumia kuonya juu ya homoni ameusoma nusu ukurasa.

Hata hiyo habari ya Julai 2002 haikusomwa yote. Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Wengi walikuwa wamekoma hedhi zaidi ya miaka kumi nyuma. Mwanamke wa miaka 51 anayelowesha shuka usiku ni mtu mwingine. Chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Amerika Kaskazini kilisema wazi mwaka 2022: kwa mwanamke wa chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka kumi tangu akome hedhi, asiye na sababu ya kiafya ya kumkataza, na anayesumbuliwa na joto la ghafla, faida za tiba ya homoni huzidi hatari zake. Sisemi kila mwanamke akazitafute. Mwenye historia ya saratani ya matiti, aliyewahi kuganda damu mguuni au kupata kiharusi, huyo ana mazungumzo mengine na daktari wake. Nasema tu kwamba tiba inayojulikana kufanya kazi dhidi ya joto la ghafla imekataliwa kwa kuogopa utafiti, na mahali pake kimewekwa kidonge ambacho utafiti umekikataa.

Tatu: "Lakini joto linapungua"

Linapungua. Mwaka 1998 vitamini E, uniti 800 kwa siku, ilijaribiwa kwa wanawake waliopona saratani ya matiti, ambao kwa kawaida hawapewi homoni. Kila mmoja alitumia vitamini kwa wiki nne na kidonge kitupu kwa wiki nne. Vitamini ilishinda: ilipunguza joto la ghafla kwa takriban mara moja kwa siku zaidi ya kidonge kitupu. Mwenye kuwaka mara kumi atawaka mara tisa. Walipoulizwa mwishoni wamependelea wiki zipi, hawakuonyesha kuzipenda zaidi zile za vitamini.

Joto la ghafla kwa wanawake wengi hupungua lenyewe kadiri miaka inavyokwenda, na kidonge kitupu nacho hulipunguza, kwa sababu mtu aliyesikilizwa na kupewa kitu hulala vizuri zaidi. Ndiyo maana shuhuda za WhatsApp ni nyingi na ni za kweli. Mama anayesema "tangu nianze hivi vidonge nina nafuu" hadanganyi. Anaeleza kilichomtokea. Anachokosa ni yule pacha wake aliyemeza kidonge kitupu mwezi huohuo, naye akapata nafuu ileile.

Nne: "Kisayansi, inazuia oksidisho"

Sehemu hii ndiyo inayowatisha watu wasibishane, kwa sababu ina maneno ya maabara. Tuyaingie.

Vitamini E iligunduliwa mwaka 1922 huko Berkeley, California, na Herbert Evans na Katharine Bishop, waliokuta kwamba panya wanaolishwa mlo fulani hushindwa kulea mimba mpaka waongezewe kitu kilichomo kwenye majani mabichi. Kitu hicho ndicho leo kinauzwa kwa wanawake waliomaliza habari za mimba. Soko nalo lina utani wake. Nadharia ya radikali huru ilikuja baadaye, mwaka 1956, kwa Denham Harman, aliyependekeza kwamba uzee wenyewe ni uharibifu unaosababishwa na chembe hizo. Ilikuwa nadharia nzuri na imezaa tafiti nyingi. Lakini mwili hauzichukulii radikali huru kama adui tu. Chembe nyeupe za damu huzitengeneza makusudi kuulia vijidudu. Misuli huzitumia kupeleka ujumbe baada ya mazoezi: mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwapa vijana wa kiume vitamini C na uniti 400 za vitamini E wakati wakifanya mazoezi, wakakuta kwamba ile faida ya mazoezi katika kuufanya mwili uitumie insulini vizuri ilizimwa kwa waliomeza vitamini. Hao walikuwa vijana, wala sidai kwamba mama wa miaka 55 ni sawa nao. Lakini yeye ndiye anayeambiwa atembee nusu saa kila jioni kwa ajili ya sukari, kisha anauziwa kidonge ambacho hakuna aliyemhakikishia kuwa hakibomoi anachokijenga.

Kisha kuna swali ambalo sijawahi kumsikia muuzaji akiulizwa: hizo uniti 400, je, zinapunguza kweli oksidisho, yaani uharibifu wa hizo radikali huru, mwilini mwa mtu, au ndani ya chupa ya maabara tu? Watafiti wa chuo kikuu cha Vanderbilt walilipima jambo hilo na kuchapisha mwaka 2007. Waliwapa watu wenye kolesteroli nyingi dozi mbalimbali kwa wiki 16, wakapima kwenye damu alama za oksidisho. Punguzo la kutegemewa lilionekana tu kwenye uniti 1,600 na 3,200 kwa siku. Kiwango cha juu kilichowekwa Marekani kuwa mtu mzima asikipite ni miligramu 1,000, sawa na uniti 1,500 za vitamini E asilia.

Rudia kusoma. Dozi inayouzwa haifanyi kile kilichoandikwa kwenye kopo. Dozi inayokifanya imevuka kiwango cha usalama. Nadharia yote ya "kuzuia oksidisho" inaishi katika nafasi iliyopo kati ya uniti 400 na 1,600, na nafasi hiyo haina kitu.

Tano: "Ni chakula tu, hakidhuru"

Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 15 za vitamini E kwa siku. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya alizeti kinakupa zaidi ya theluthi ya hizo. Ongeza karanga, mchicha, parachichi, mawese kwa watu wa Kigoma, umefika au umekaribia. Kidonge cha uniti 400 za vitamini asilia kina takriban miligramu 268. Ili uzipate kwa chakula ungehitaji kunywa karibu robo tatu ya lita ya mafuta ya alizeti. Kila siku. Alizeti ya Singida ni nzuri, ila sidhani kama kuna mama atakayeita kipimo hicho "chakula tu".

Na madhara yapo. Mwaka 2005 majaribio 19 yenye watu karibu 136,000 yaliwekwa pamoja, ikaonekana kwamba dozi za uniti 400 na zaidi zinaambatana na ongezeko dogo la vifo. Mwaka 2007 mapitio mapana zaidi, majaribio 68 na watu 232,606, yalikuta kwamba katika majaribio yaliyofanywa kwa umakini zaidi, vitamini E iliambatana na ongezeko la vifo la takriban asilimia 4. Wakosoaji walisema wengi wa watu hao walikuwa tayari wagonjwa, na ni ukosoaji wa haki. Basi uchukulie mfano wa wazima: zaidi ya wanaume 35,000 wa Marekani, Kanada na Puerto Rico, waliojaribiwa kwa matumaini kwamba vitamini E ingezuia saratani ya tezi dume. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba waliopewa vitamini E peke yake walipata saratani hiyo zaidi kwa asilimia 17. Ni wanaume, najua. Nawataja kwa sababu walikuwa na afya njema, walimeza uniti 400 zilezile, na waliambiwa maneno yaleyale: hakidhuru.

Kinachonitia hofu zaidi kwa mwanamke wa kwetu ni kiharusi. Uchambuzi wa majaribio uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba vitamini E ilipunguza kiharusi cha damu kuziba kwa asilimia 10, na ikaongeza kiharusi cha damu kuvuja kwenye ubongo kwa asilimia 22. Jumla ya viharusi haikubadilika. Kwa maneno mengine ni mabadilishano: unapungukiwa kidogo na kile cha kawaida, unaongezewa kile ambacho kwa kawaida huua haraka. Sasa yapeleke mabadilishano hayo mahali ambapo kiharusi cha kuvuja tayari kina sehemu kubwa kuliko Ulaya, sababu kuu ikiwa presha isiyotibiwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 Tanzania ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu, wengi wao bila kujua. Huyo asiyejua ndiye anayeambiwa "hakidhuru". Na anayetumia wafarini kwa sababu ya vali ya moyo au damu iliyoganda yumo hatarini zaidi, kwa kuwa vitamini E kwa dozi kubwa huingilia kazi ya vitamini K na huongeza uwezekano wa kutokwa damu. Muuzaji hamuulizi anatumia dawa gani. Kwa nini amuulize? Anauza chakula.

(Kuhusu kujipaka usoni nitasema moja tu. Jaribio dogo la mwaka 1999 lililopaka vitamini E kwenye makovu ya upasuaji halikuona faida, na theluthi ya wagonjwa walipata ukurutu pale walipopaka. Mafuta ya nazi ni ya bei nafuu zaidi, kama lengo ni kung'aa.)

Sita: hadhi mbili za kopo moja

Nilikuwa saluni moja ya Dar es Salaam, binti mmoja akaingia na begi la makopo akamwendea mama aliyekuwa chini ya drai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, hii wala siyo dawa. Hii ni lishe, haina kemikali."

Mama akaligeuza kopo, akavaa miwani, akaivua. "Inasaidia nini?"

"Moyo, ngozi, lile joto la usiku. Na presha. Ukimaliza makopo matatu presha inashuka yenyewe."

"Sasa hizi dawa zangu za presha niache?"

"Mimi siwezi kukwambia uache, mama. Ila kuna mama mmoja kule Tabata yeye ameacha."

Sijui darasa la sheria ambalo lingemfundisha yule binti kujilinda vizuri zaidi ya hapo. Ndani ya dakika moja kopo lile limekuwa chakula, likawa dawa ya presha, likarudi kuwa chakula pale lilipoulizwa swali la dawa. Na halikujifunza kwake, limejifunza njiani. Marekani, sheria ya mwaka 1994 inaruhusu virutubisho kuingia sokoni bila mtengenezaji kuthibitisha kwanza kwamba vinafanya kazi. Kwetu, usimamizi wa chakula ulihamia Shirika la Viwango mwaka 2019, na mamlaka iliyokuwa ikisimamia chakula na dawa pamoja ikabaki na dawa na vifaa tiba. Kidonge kinachopitia mlango wa chakula hupimwa kama chakula: kisiwe na sumu, kisiwe kimeoza. Hakuna anayekiuliza kama kinashusha presha, kwa sababu kwenye karatasi zake hakijasema kinashusha presha. Kinasema kikishafika saluni.

Wanaoikosoa hospitali kwa kuandika dawa nyingi mno wana hoja. Lakini ni haohao wanaokataa kidonge cha presha kilichopita mikononi mwa wakaguzi wa dawa, chenye karatasi ndefu ya madhara, wakakumbatia kisicho na karatasi. Kidonge cha kwanza kinaonekana kina madhara kwa sababu yameandikwa.

Saba: "Basi mnatuachia nini?"

Swali hili huulizwa kwa hasira, na ndilo pekee katika mlolongo huu lenye haki ya kujibiwa bila kejeli.

Jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani limeshauri dhidi ya vitamini E kwa ajili ya kuzuia maradhi ya moyo na saratani, mwaka 2014 na tena 2022. Ushauri wa "usitumie" ni rahisi kuutoa. Kinachobaki ni cha kawaida mno kuuzwa saluni: kupima presha na kuitibu kwa dawa zilizothibitishwa, kupima sukari, kutembea, kuacha sigara kwa anayevuta, kuchunguzwa mlango wa kizazi, kuzungumza na daktari kuhusu homoni bila kuogopeshwa. Na mwanamke ambaye amekaa mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu tena aende hospitali wiki hiyohiyo. Kwenye makundi ya WhatsApp huyo huambiwa anasafishwa kizazi, aongeze kopo. Damu hiyo inaweza kuwa dalili ya saratani ambayo ikikutwa mapema hutibika, na kila kopo analoongezewa ni mwezi anaopoteza.

Hiyo ndiyo gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Fedha ya kopo inauma, ila inapatikana tena. Miezi haipatikani.

Lakini wauzaji hawakuivamia nyumba yenye watu. Mwanamke wa kwetu akiwa mjamzito anapewa kadi ya kliniki, anapimwa uzito, presha na damu, na asipofika hufuatwa. Akijifungua, mtoto naye anapewa kadi. Akihitaji uzazi wa mpango, kuna chumba na kuna muuguzi. Akifika miaka 50, mlango unafungwa. Hakuna kadi, hakuna siku ya kliniki, na akimwambia daktari kwamba anawaka moto usiku, hasira zimemzidi na tendo la ndoa limekuwa maumivu, ataambiwa "ni umri, mama", kisha ataandikiwa, mara nyingine na daktari huyohuyo, vitamini E. Yule binti wa saluni alikaa na mteja wake dakika arobaini na kumuuliza kuhusu usingizi, mume na magoti. Wizara inaweza kupiga marufuku makopo yote kesho asubuhi, na kufikia Ijumaa yatakuwa yamerudi kwa jina jingine, maana hizo dakika arobaini bado hazijatolewa na kliniki yoyote ninayoijua.